Rafu za kuelea kwenye ukuta wa matumbawe: imeanguka na buli la bibi

BintiKibokoni (mwanzisha uzi) · Ijumaa, saa 3:40 usiku

Assalam aleykum, na hamjambo nyote. Naomba shauri kabla sijaita fundi wa pili nikapata hasara ya pili.

Nakaa Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba ya bibi yangu. Kuta nene, ukikaa dirishani waweza kukunja miguu yote miwili na nafasi ya kikombe ikabaki. Nilitaka rafu za mtindo huu wa sasa, ubao watokeza ukutani peke yake, huoni mkono wala msumari. Kijana mmoja akaja na drili, akatoboa matundu manne, akatia rolplagi za plastiki, akafunga fremu ya mti wa inchi mbili kwa mbili, akaivika plaiwudi juu na chini. Ikapendeza wallahi. Nikapiga picha nikawatumia kina dada wote.

Ilikaa siku kumi na moja. Jana kabla ya adhana ya alfajiri nikasikia kishindo, nikadhani paka kaangusha sufuria. Kutoka sebuleni, rafu iko chini, vitabu vimetapakaa, na buli la bibi lile la maua ya buluu limesalia mkono na kifuniko. Skrubu hazikupinda hata moja. Zimetoka pamoja na plagi zake, na kila plagi imevaa unga mweupe kama kaimati iliyoganda sukari. Nikitia kidole tunduni unga wazidi kumwagika.

Kijana asema kosa ni uzito. Mimi nasema kosa ni ukuta. Nani mkweli?

---

kijana_wa_Likoni · Ijumaa, saa 3:52 usiku

Pole kwa buli. Nunua kabati la miguu minne, simamisha, uzi ufungwe.

---

FundiTimazi · Ijumaa, saa 4:15 usiku

Dada, mko wakweli wote wawili, lakini kosa si la uzito peke yake wala si la ukuta peke yake. Ukuta huo umesimama kabla ya bibi yako kuzaliwa.

Nijibu mambo manne. Tundu lilikuwa na kina gani? Rafu yatokeza sentimita ngapi? Skrubu alizifunga wapi kwenye ule mti wa mbili kwa mbili: juu, katikati au chini? Na drili ilikuwa yazunguka tu au ilikuwa ikigonga?

---

BintiKibokoni · Jumamosi, saa 1:20 asubuhi

Fundi ahsante. Nimepima: tundu sentimita 6. Rafu yatokeza 25, urefu wake 120. Skrubu ziko katikati kabisa ya mti, zote nne kwenye mstari mmoja. Na drili ilikuwa ikigonga, tena jirani alibisha hodi kuuliza kama twabomoa.

---

FundiTimazi · Jumamosi, saa 2:05 asubuhi

Basi nimeshaelewa. Hebu nieleze kwa urefu kidogo maana hili swali naulizwa kila mwezi.

Ukuta wa nyumba za zamani za Mji wa Kale ni kama mkate wa mofa. Juu kuna ngozi ngumu, ndani vitobo vitupu. Ni mawe ya matumbawe yasiyochongwa, makubwa kwa madogo, yamepangwa na kujazwa chokaa. Kati ya jiwe na jiwe pengine kuna chokaa nzuri, pengine mchanga, pengine hewa. Juu yake plasta ya chokaa, na nyumba iliyopakwa miaka na miaka plasta hiyo hufika sentimita 3 bila shida. Sasa kijana wako alitoboa 6. Toa 3 za plasta. Zimebaki 3 ndani ya jiwe, na jiwe lenyewe analiponda kwa drili ya kugonga.

Rolplagi yafanya kazi kwa kutanuka. Skrubu yaingia, plastiki yajipanua, ukuta wairudisha, ndipo yashika. Ukuta wa zege husukumana nayo. Matumbawe hayasukumani, yanavunjika kidogo kidogo na kugeuka ule unga uliouona. Siku ya kwanza yashika. Kisha kila ukiweka kitabu yasogea unywele mmoja. Siku kumi na moja ni nyingi kwa kweli.

Kwa hivyo kwenye matumbawe: zima kugonga, drili izunguke tu, biti kali, mkono mtulivu. Yatoboka vizuri kuliko mnavyodhani, jiwe hilo ni laini. Na usitegemee kitu chochote cha kutanuka, iwe plastiki au zile boliti za chuma za kujipanua. Boliti ndiyo mbaya zaidi, yapasua.

---

Mwalimu_wa_Tudor · Jumamosi, saa 4:30 asubuhi

Fundi kaeleza ukuta, mimi niruhusuni nieleze ile hoja ya skrubu katikati, kwa sababu hapo kijana alijinyima mwenyewe.

Tuseme rafu na vitabu ni kilo 24 kwa jumla. (Si nyingi. Nimepima vitabu vyangu kwa mizani ya bafuni, mstari wa mita moja umefika kilo 22, na sina kamusi ndani yake.) Rafu yatokeza sentimita 25, kwa hivyo uzito kama umeenea sawasawa ni kana kwamba wakaa katikati, sentimita 12.5 kutoka ukutani. Zidisha: 24 mara 12.5 ni 300.

Hiyo 300 yataka kuiangusha rafu kwa mbele. Rafu ikitaka kuanguka, ukingo wa chini wa ule mti waegemea ukutani kama bawaba, na skrubu zavutwa nje. Mti wa mbili kwa mbili una kimo cha sentimita 5, skrubu ziko katikati, basi kutoka ukingo wa chini hadi skrubu ni sentimita 2.5. Gawa 300 kwa 2.5: kilo 120 zavuta skrubu nje. Gawa kwa nne, kila moja yavutwa kwa kilo 30, mchana na usiku, ndani ya sentimita tatu za unga.

Sasa pandisha skrubu zilezile ziwe sentimita 4 kutoka chini. 300 kwa 4 ni 75. Kila moja haifiki kilo 19. Hujanunua kitu, umesogeza tundu sentimita moja na nusu tu. Kisha punguza rafu itokeze 20 badala ya 25: 24 mara 10 ni 240, kwa 4 ni 60, kila skrubu kilo 15. Nusu ya ile ya kwanza.

Vitabu vingi vya kawaida havizidi sentimita 20 kwa upana. Zile 5 za mbele ni za kuwekea simu na funguo.

---

kijana_wa_Likoni · Jumamosi, saa 4:41 asubuhi

Mwalimu ungenifundisha hivi shuleni ningekuwa injinia saa hii.

---

Nyali_ghorofa_ya_4 · Jumamosi, saa 6:10 mchana

Samahani kudandia uzi wa mtu. Mimi nyumba yangu ni mpya, ya kupanga, ukuta wa tofali za saruji. Nilitoboa tundu la kwanza sawa. La pili drili ikazama ghafla kama imeanguka kisimani. La tatu vilevile. Plagi zazunguka tu.

---

FundiTimazi · Jumamosi, saa 6:35 mchana

Umeingia kwenye tundu la tofali. Tofali hizo zina uwazi ndani, nyama yake ni sentimita mbili tatu tu kila upande. Kwako kuna njia mbili. Ama utafute plagi za ukuta wenye uwazi, zile zinazojikunja fundo nyuma, ama utie soksi ya wavu ya plastiki ndani ya tundu kisha resini, ile gundi ya kujazia tundu, ikaganda na kujishika kwa nyuma kama uyoga. Na rafu iwe nyepesi, usiniletee seti ya vitabu vya sheria.

Kama dirisha liko karibu, juu yake kuna linta, ile boriti ya zege inayobeba ukuta. Kwenye linta hata plagi ya kawaida yashika, ila hapo ugonge kweli, na usipite kwenye chuma. Drili ikikataa kabisa kuendelea, umekutana na nondo, sogea.

Na kwa kuwa ni ghorofa: nyaya zimefukiwa kwenye plasta. Kwa kawaida huteremka wima kutoka juu hadi swichi au soketi. Usitoboe juu wala chini ya swichi kwa mstari ulionyooka, na zima umeme wa mzunguko ule kwanza. Ukuta wenye bafu upande wa pili, uliza mabomba yapita wapi. Mimi miaka ya nyuma nilitoboa bomba la maji Bamburi, mwenye nyumba akiwa amesimama nyuma yangu. Nilisimama na kidole tunduni mpaka alipoikuta koki ya kufungia, na kumbe iko kwa jirani.

Dada wa Kibokoni yeye hana taabu hiyo, nyaya za nyumba za zamani nyingi zapita juu ya ukuta waziwazi. Ila aangalie kama kuna aliyezifukia baadaye.

---

SeremalaMagongo · Jumamosi, saa 11:15 jioni

Mbao hamjazigusa, na nusu ya kilio cha rafu ni mbao.

Kwanza plaiwudi juu ya fremu. Si mbaya kama imefanywa vizuri: fremu ya mti uliokauka, mikono kila sentimita 30, plaiwudi ya milimita 9 juu, 6 chini, gundi kila panapogusana, mbele ubao mwembamba wa kufunika. Sanduku hilo lina nguvu kuliko linavyoonekana na ni jepesi. Lakini wengi wanaruka gundi, wanapiga misumari ya inchi moja basi. Hiyo si rafu, ni boksi la viatu.

Mimi kwa ukuta kama wa Dada ningechukua ubao mzima, unene sentimita 4, nikatoboa kwa nyuma na kuupachika kwenye vyuma. Hakuna fremu, hakuna kifuniko. Mti gani? Mvule ukiupata, hata wa zamani uliotolewa kwenye mlango au kitanda, chukua bila kuuliza mara mbili. Umekauka zamani na mchwa hawaupendi. Mbambakofi ni mzuri ajabu lakini ni mzito, na meno ya msumeno yatalia. Saipresi ni nafuu, yafaa, ila tazama mafundo, fundo likikaa pale panapotobolewa ubao utapasuka. Mwembe una sura nzuri sana, mawimbi yake wapenda, lakini bungua nao wanaupenda. Ile sehemu nyeupe ya pembeni ndiyo chakula chao. Ukiona vishimo vidogo kama vya sindano na unga laini chini yake, uache hapohapo uliko.

La pili, unyevu. Mbao nyingi zafika hapa kutoka bara, au kutoka Tanzania, nyingine bado mbichi. Ukizileta leo ukazifunga kesho, zitajipinda ukutani. Mbao haziongezeki urefu, zaongezeka upana: zavimba zikinywa unyevu, zasinyaa zikikauka. Ziweke ndani ya chumba kilekile, juu ya vijiti upepo upite chini, wiki tatu. Hii ni Mombasa, kwenye masika hata chumvi mezani yageuka uji.

La tatu, na hapa ndipo wengi hukosea: paka vanishi pande ZOTE. Mbele, juu, chini, ncha, na ule upande wa nyuma unaogusa ukuta. Ukipaka juu tu, chini itanywa unyevu juu isinywe, ubao utajikunja kama papa aliyeanikwa.

---

BintiKibokoni · Jumamosi, saa 2:50 usiku

Seremala shukran. Nina ubao wa kitanda cha zamani darini, mweusimweusi, mzito. Nikiukwaruza kwa kisu ndani ni rangi ya asali. Yawezekana ni mvule?

---

SeremalaMagongo · Jumamosi, saa 3:05 usiku

Yawezekana sana. Usikwaruze tena, lete karakana tuupige randa. Angalia tu misumari ya kale ndani isije ikanivunjia kisu.

---

Mzee_wa_Chokaa · Jumapili, saa 3:00 asubuhi

Sabalkheri nyote. Nimesoma uzi huu mjukuu wangu akinisomea, nami namwamuru aandike.

Mwanangu wa Kibokoni, kwanza pole kwa buli. Pili nikuulize: nyumba hiyo haina vidaka? Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu ya boriti. Mkoko hautoi boriti ndefu, basi chumba chakaa mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Ndiyo maana wazee hawakutokeza kitu ukutani, walichimba ndani ya ukuta. Ukuta mnene umepewa, utumie. Msahafu juu, vyombo vya China katikati, taa chini. Kidaka hakianguki.

Kama huna budi ya rafu, basi sisi tulikuwa twatia kigingi. Mti mgumu uliokauka, wachongwa mnene kidogo kuliko tundu, wapigwa ndani kwa nyundo mpaka hausogei tena. Wapata unyevu wa ukuta, wavimba, washika. Kisha ndiyo upigie skrubu ndani ya mti. Na usiniletee saruji katika nyumba ya chokaa. Saruji haipumui. Maji yaliyo ukutani yakifika kwenye saruji yakwama, chumvi yatoka pembeni, na baada ya mwaka mmoja miwili plasta yamwagika kuzunguka lile bonge. Nimeona kuta nzima zikiharibiwa hivi na watu waliosema wanazitengeneza.

---

FundiTimazi · Jumapili, saa 3:40 asubuhi

Mzee shikamoo. Kwenye saruji sikupingi hata neno moja, na kigingi nimekifanya mwenyewe, chashika. Taabu yake ni kwamba kigingi kilichovimba Mei chaweza kulegea Februari kaskazi ikipuliza. Kwa picha ya ukutani hapana neno. Kwa rafu ya kutokeza naogopa.

Mimi ningetia vyuma vya milimita 12, vile vya zege vyenye mistari, viingie ukutani sentimita 18, nivifunge kwa chokaa yenyewe ili nisichanganye ugeni ndani ya ukuta.

---

Mzee_wa_Chokaa · Jumapili, saa 4:10 asubuhi

Marahaba. Chokaa hapo itakuadhiri, fundi. Chokaa yetu hukauka kwa kukutana na hewa, polepole, kutoka nje kwenda ndani. Ukiifukia sentimita 18 ndani ya tundu jembamba ambalo chuma kimelijaza, hewa itapita wapi? Utarudi baada ya miezi sita uikute mbele jiwe, nyuma siagi.

---

FundiTimazi · Jumapili, saa 4:22 asubuhi

Hapo umenipiga, Mzee, na nimekubali. Nilikuwa nawaza ukuta wazi, si tundu.

Basi ni resini. Ile ya mirija miwili ya kupigwa kwa bunduki, yachanganyika mdomoni. Haitegemei hewa, na haisukumi ukuta, yajaza vitobo vya matumbawe na kujishika humo. Ndani kabisa haitaziba ukuta kwa kuwa ni kidogo, tundu tatu tu. Mdomoni mwa tundu, sentimita ya mwisho, turudishe chokaa ipumue na ilingane na plasta. Mzee wasemaje?

---

Mzee_wa_Chokaa · Jumapili, saa 4:30 asubuhi

Tundu tatu nimeruhusu. Ukitoboa kumi nitakuja mwenyewe.

---

Mwalimu_wa_Tudor · Jumapili, saa 5:00 asubuhi

Na skrubu zozote mtakazotumia, ziwe za chuma kisichoshika kutu, au za shaba. Hewa ya bahari haina haya. Mimi skrubu za kawaida za mlango wa nyuma zilitoa machozi ya kahawia kabla ya mwaka kuisha.

---

BintiKibokoni · wiki nne baadaye, Jumatano, saa 2:10 usiku

Nimerudi. Haikuanguka! Nawasimulia yote, na makosa pia.

Ubao ulikuwa mvule kweli. Seremala aliuondoa misumari mitatu ya zamani yenye vichwa vya mraba (ninayo, nimeiweka kwenye bakuli), akaupiga randa, ukatoka sentimita 120 kwa 20, unene 4. Kilo 6 hivi mtupu. Akanipa pia kipande cha mti mgumu alichokitoboa matundu matatu kwa drili ya mezani, yaliyonyooka sawasawa. Nikauliza cha nini, akasema hiki ndicho kigezo, ndiyo siri yote. Matundu ya nyuma ya ubao yalitobolewa kwa kukifuata hichohicho, kwa hivyo kama vyuma vikikaa ukutani kama kigezo kinavyotaka, ubao utaingia tu.

FundiTimazi alikuja Jumamosi (kwa hisani yake, siandiki alichonilipisha maana mtamvamia). Alianza kwa kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, huku sikio karibu. Pengine ukuta ulijibu kavu, pengine ulijibu kama ngoma. Akahama sentimita 15 kushoto kutoka pale nilipopataka, kwa sababu ya ngoma. Akaweka pimamaji, akachora mstari, akafunga kigezo, akatoboa kupitia humo kwa biti ya 16 bila kugonga. Unga ulitoka mweupe, kisha wa rangi ya maziwa ya chai, kisha mweupe tena. Tundu la pili liligusa uwazi, drili ikaruka mbele. Akalipanua likafika 20, akatia soksi ya wavu.

Kisha kazi ambayo yule kijana wa kwanza hakuifanya hata kidogo: kusafisha. Pampu ya baiskeli na kijimpira chembamba mpaka mwisho wa tundu, puuu, kisha brashi ndogo ya chupa, kisha pampu tena. Mara tatu kila tundu. Nilivaa barakoa na bado nilipiga chafya hadi magharibi. Akasema resini ikishika unga, imeshika unga, haijashika ukuta.

Resini. Ile ya kwanza kutoka akaitupa kwenye gazeti mpaka rangi ikawa moja. Akajaza tundu kutokea nyuma kuja mbele, akasukuma chuma huku akikizungusha. La kwanza sawa. La pili sawa. La tatu alipokea simu.

Msicheke. Kwenye joto letu ile kitu yapewa dakika chache tu, yeye alizungumza kama dakika mbili, na chuma cha tatu kikagandia kimelala chini milimita tatu mbele. Aliona mwenyewe akakaa kimya, kisha akasema neno ambalo Mzee asingependa mjukuu alisome.

Suluhisho: tundu la tatu la ubao likapanuliwa kutoka 13 hadi 18, likajazwa gundi ya epoksi, ubao ukasukumwa polepole, ukalia kidogo, ukaingia. Tuliuacha siku mbili ukiwa umeegemezewa fimbo ya ufagio chini. Nyuma tumeacha uwazi wa milimita tatu ili ukuta upumue na ubao usinywe chumvi. Chokaa ya kuzibia mdomo wa matundu imetoka kwa Mzee, aliiandaa mwenyewe kwenye kopo la maziwa.

Kabla ya vitabu niliweka mfuko wa mchele wa kilo 25, siku mbili. Mwalimu alinituma nipime kwa pimamaji kabla na baada. Kipovu hakikusogea. Sasa kuna vitabu, na mbele pamebaki nafasi ya simu, Mwalimu ulikuwa umenidanganya kidogo hapo.

---

FundiTimazi · Jumatano, saa 2:25 usiku

Simu ilikuwa ya mama. Simu ya mama haikatwi.

---

Mzee_wa_Chokaa · Jumatano, saa 2:40 usiku

Hiyo ni hoja. Mwanangu, na vidaka? Hukunijibu.

---

BintiKibokoni · Jumatano, saa 2:48 usiku

Mzee, naona haya. Viwili viko. Kimoja chini ya ngazi, tumekitilia viatu. Kingine kiko sebuleni na ndani yake mna kisimbuzi cha televisheni na kile kisanduku cha intaneti chenye taa za kijani, tangu nikiwa mdogo. Sikuwahi kukiona kama kidaka, nilikiona kama mahali pa nyaya.

Jana nimevitoa, nimevipandisha kwenye rafu mwishoni, nyaya zimefichika nyuma ya vitabu. Kidaka nimekifuta vumbi. Ndani kabisa, upande wa kulia, plasta ina alama ya duara, kitako cha chombo kilichokaa miaka. Nimeweka kifuniko cha buli hapo. Kimeingia sawasawa kwenye duara.

---

SeremalaMagongo · Jumatano, saa 3:02 usiku

Mashallah. Kilichobaki kwenye ubao wa kitanda ni kipande cha sentimita 70, kiko karakana. Wakitaka?

---

BintiKibokoni · Jumatano, saa 3:04 usiku

Nakitaka, ila Mzee kaniruhusu tundu tatu tu.

---

Mzee_wa_Chokaa · Jumatano, saa 3:10 usiku

Sentimita 70 ni tundu mbili. Mjukuu asema zote zinakuwa tano. Nitafikiri.

---

Nyali_ghorofa_ya_4 · Alhamisi, saa 12:30 asubuhi

Na mimi je? Ile soksi ya wavu huuzwa kwa moja moja au mpaka pakiti nzima? Na pampu ya baiskeli, kuna mwenye kuazimisha upande huu wa Nyali?